Hisae na Mlinzi wa Lango

Ngli.

Chuma kiligonga chuma mara moja tu, mlio mwembamba uliopenya ukuta wa mbao ukamkuta Kuroiwa Hisae jikoni, mikono imezama katika pipa la figili za chumvi. Hata leo, ukimuuliza mambo yale yalianzia wapi, hatataja mtu wala neno. Atataja mlio huo. Alidhani sufuria imeanguka. Akasikiliza. Ukaja mguno wa mtu anayekufa, kisha kimya, kisha sauti ya mkwewe Ryohei ikisema bila uchungu wowote, kama mtu aliyekosea kufunga kifungo cha shati, "Haya, tena."

Hisae alikuwa mjane aliyekaribia miaka sitini, mwalimu wa kendo katika mji wa Shibukawa, ambako upepo mkavu wa mlima Akagi hupiga majira yote ya baridi mpaka midomo ya watu ipasuke. Makarani wa manispaa na watoto wa shule walimjia jioni, miguu mitupu juu ya sakafu ya mbao iliyo baridi kama barafu, akawafundisha kushika upanga wa mwanzi na kupiga kichwa, mkono au kiuno kwa pigo moja safi. Wote walimwita Mwalimu, hata meneja wa benki. Alikuwa na dharau nyingi, na alizitunza vizuri, kila moja mahali pake, kama vikombe kabatini. Aliwadharau wanaoingia ukumbini na soksi. Aliudharau wali wa pakiti. Aliudharau mji wa Takasaki wote, pamoja na kituo chake cha treni. Lakini dharau ya kila siku, ile aliyoitumia asubuhi na jioni, alimwekea mume wa binti yake.

Kwa kuwa Hisae hakujaliwa mtoto wa kiume, Ryohei alioa kwa kuhamia: aliingia katika nyumba ile akachukua jina la Kuroiwa, na la kwao akaliacha mlangoni pamoja na viatu. Ni Hisae mwenyewe aliyelitaka jambo hilo, na ni hapo hapo alipoanza kumdharau. Mwanamume gani huacha jina lake kirahisi namna ile? Ryohei alikuwa na mabega ya mviringo. Alifanya kazi katika kiwanda cha konnyaku, ile jeli ya kijivu ya viazi isiyo na ladha wala shibe, na Hisae aliona kwamba mtu na kazi yake wamepatana sana. Alikula polepole. Akigonga mlango kwa bega, aliuomba mlango radhi. Na siku za mapumziko alikaa sebuleni kwenye meza fupi yenye moto chini na blanketi juu, miguu ndani, akicheza mchezo wa ninja kwenye televisheni.

Kucheza kwenyewe kungevumilika. Kisichovumilika ni kwamba alishindwa. Hisae akipita na trei ya chai, alimwona mtu mwembamba aliyejifunika joho la majani makavu akikwea ngome katika theluji. Akirudi na vikombe vitupu, alimwona mtu yuleyule amelala, na theluji imegeuka nyekundu.

"Umeuawa tena?"

"Nimeuawa, mama."

"Na nani?"

"Huyu huyu wa lango. Mwenye mkuki."

"Tangu lini anakuua?"

"Tangu majani yalipoanza kudondoka," Ryohei akasema, na Hisae akaona kwamba anatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililomkaa kooni. Wanafunzi wake walipopigwa waliinama, wakamshukuru aliyewapiga, wakaenda kukaa pembeni na aibu yao kama inavyotakiwa. Huyu alipigwa akawa kama mtu aliyeletewa zawadi kutoka safari.

Siku ya mwisho ya mwaka, walipokaa mchana kula tambi za soba kama nyumba zote zinavyokula siku hiyo, hakuweza kujizuia.

"Ryohei, hebu nikuulize. Huyo mtu wako wa televisheni anaua kwa kupitia wapi?"

"Inategemea, mama. Mara nyingi kwa nyuma."

"Kwa nyuma."

"Unapanda darini, unatulia, mlinzi akigeuka, unashuka."

"Wanaopita darini ni panya."

"Mama," akasema Mizuho. Mizuho, binti yake, alimsaidia daktari wa meno mjini, na alikuwa na sauti ya upole ambayo watu huifungulia vinywa. Kinywa cha mama yake haikufaulu kukifunga.

"Niache niseme. Mimi nimeshika upanga tangu darasa la pili. Sijampiga mtu mgongoni. Wala sijapigwa na mtu yule yule tangu vuli mpaka baridi kisha nikakaa nafyonza tambi kwa raha hivi."

Ryohei akaweka vijiti vyake chini. "Huyu wa lango hapigwi mgongoni, mama. Huyu lazima umkabili. Ndiyo maana ni mgumu."

"Mgumu kwako."

"Kwa kila mtu."

"Kwa kila mtu aliyejifunza upanga kwa kukaa chini ya blanketi."

Ryohei hakukasirika, na hilo nalo lilimuudhi. Alifikiri kwanza, kama anavyofikiri kabla ya kuchukua kipande cha mwisho sahanini. "Basi mama ajaribu. Kiwanda kimefungwa mpaka tarehe nne. Ukimwangusha kabla hakijafunguliwa, mashine nitaiuza, na jioni nitakuja ukumbini kujifunza kwako."

"Na nisipomwangusha?"

Aliyejibu ni Mizuho. "Usipomwangusha, hili gemu hutalitaja tena katika nyumba hii. Si kwa mdomo wala kwa kushusha pumzi."

"Pumzi zangu zimefanya nini?"

"Zinasikika mpaka kwa jirani, mama."

Hisae akakubali pale pale. Alijua kwamba mkwewe, pamoja na udhaifu wake wote, hutimiza neno lake. Watu wasio na kiburi hawana namna nyingine ya kusimama. Akaona tayari mahali penye televisheni pamefagiliwa, pamewekwa chombo kimoja chenye tawi la msonobari.

Ryohei akamtengenezea nafasi yake katika mchezo, akaipa jina Mwalimu, akamfundisha vitufe. Kwa Hisae, kile kishikio kilikuwa kitu cha aibu: cha plastiki, hakina uzito, kinanguruma mkononi kama paka. Akapiga magoti, akanyoosha mgongo, akaiinamia televisheni kama anavyomwinamia mpinzani, akaanza.

Akaingia kwa lango kuu. Wakamjia wote pamoja, akafa. Akaingia tena kwa lango kuu, akafa. Uani palikuwa na wapiga mishale juu ya paa, na mshale ukimpata mgongoni alisema "Hawana adabu hawa," akainuka tena kule alikotoka, akashika njia ile ile.

"Mama, pale kushoto kuna ukuta mfupi," Ryohei akasema. "Ukiinama..."

"Kwani nimeiba nini mpaka niiname?"

"Ni ninja, mama. Kazi yake ni kuinama."

"Basi amepata kazi mbaya."

Alifika kwa mlinzi wa lango, lile la ndani ya ua, siku hiyo hiyo, kwa ukaidi mtupu, akikimbia katikati ya ua mishale ikimfuata kama mbwa. Mlinzi alikuwa mtu mkubwa, amekaa juu ya jiwe, mkuki amelaza mapajani. Alipomwona mgeni aliinuka bila haraka. Hisae akalipenda hilo, akajikemea kwa kulipenda. Akamsogelea. Akapaza sauti, "Kichwa!" mpaka vikombe vikalia, kwa maana katika kendo pigo lisilo na sauti halihesabiwi. Mkuki ukampita kifuani.

Alikufa hivyo alasiri yote. Alikufa akipaza sauti, alikufa akiwa kimya. Halafu, karibu na saa ya kuoga, aliona bega la yule mtu likishuka kidogo kabla ya mkuki kuja, kama linavyoshuka bega la mtu yeyote aliye na nia. Akakinga. Ngli. Mlio ule ule, lakini sasa ulitoka katika vidole vyake, ukampanda mpaka kwenye kiwiko. Akakinga tena, akaingia ndani ya mkuki, akampiga utosini pigo safi kabisa, na mlinzi akaanguka goti moja.

Hisae akaweka kishikio mapajani, akanyoosha mgongo, akasubiri. Ndivyo mwili wake ulivyofunzwa: pigo safi likishaingia, waamuzi huinua bendera, na wapiganaji hurudi taratibu kwenye alama zao katikati ya sakafu. Alikuwa bado amekaa hivyo, macho mbele, uso umetulia, wakati mlinzi alipoinuka kutoka kwenye goti na kumtoboa.

Mizuho alificha uso katika blanketi. Ryohei hakucheka.

"Nilikuwa nimeshampiga," Hisae akasema.

"Ndiyo, mama."

"Pigo lilikuwa safi."

"Safi sana. Lakini kufa, hakufa. Anataka mawili."

"Na waamuzi?"

"Hawamo, mama."

Akainuka akaenda kuoga, na ndani ya maji ya moto akasema peke yake kwamba huu ni mchezo wa wapumbavu, uliotungwa na wapumbavu, unaochezwa na watu wenye mabega ya mviringo. Lakini mkono wake wa kulia, chini ya maji, ulikuwa unakinga.

Kuna jambo ambalo Hisae hakuwahi kulisema, kwa sababu kulisema kungekuwa kulijua. Kule ukumbini hakuna aliyempiga tena. Meneja wa benki huuchelewesha mkono wake kidogo ili wa Mwalimu utangulie. Makarani hufungua vichwa vyao vipigwe, kama watu wanaofungua mwavuli. Ni adabu, kila mtu anaijua, hakuna anayeitaja, na wanafunzi wa wanafunzi wake wataifanya vile vile kwa walimu wao. Mlinzi wa lango hakujua kwamba huyu ni Mwalimu. Alimuua kama anavyomuua mtu wa konnyaku. Na kila alipouawa, Hisae aliona wazi kabisa mahali alipokosea, jambo ambalo hakuwa ameliona kwa miaka. Aliuchukia mchezo ule kwa moyo wote, na aliamka asubuhi ya mwaka mpya akiuwaza kabla hajawaza kumtilia marehemu mumewe chai mbele ya picha yake.

Mizuho alimkuta jikoni akioka vipande vya mochi, keki za wali uliotwangwa, kwa ajili ya supu. Akafunga mlango wa kuteleza nyuma yake.

"Mama, kama utashinda, nataka ujue kitu."

"Nitashinda."

"Takasaki tumeshaangalia nyumba. Iko karibu na kituo."

Hisae akageuza kipande cha mochi kilichokuwa hakijaiva. "Nilijua. Mwanamume wa kujificha huficha na mambo."

"Ni mimi niliyeitafuta, mama. Yeye ndiye anayekataa. Anasema ukibaki peke yako utakula kwa kusimama."

"Nani kamwomba anihurumie?"

"Hakuna. Ndivyo alivyo." Mizuho akapanga bakuli, moja, moja, kwa sauti ile ile ya upole. "Akiuza mashine atakaa humu mikono magotini kama mgeni aliyechelewa treni. Hatalalamika. Lakini mimi sitamtazama akikaa hivyo. Ukishinda, mwezi wa tatu nafungasha, na nitambeba hata kama hataki."

"Unanitisha kwa ajili ya gemu?"

"Nakuambia tu. Mochi inaungua."

Mtu mwenye akili angeacha kucheza siku ile, na kiwanda kingefunguliwa, na mambo yangekwisha. Hisae hakuweza. Kuacha kulikuwa kushindwa kwa makusudi, na hilo hakuwa amewahi kulifanya hata mbele ya mtoto mdogo. Akajidanganya kwamba atamkaribia tu yule mlinzi, atamwonyesha kwamba anajua, kisha atarudi nyuma. Alikula supu yake upesi. Wageni wa mwaka mpya walipokuja kumsalimu Mwalimu, aliwapokea vizuri, akawatilia pombe ya sake, akawatazama vichwa vyao vilivyo wazi, akatamani waondoke.

Siku iliyofuata Mizuho na Ryohei walikwenda Maebashi kuwasalimu wazazi wa Ryohei. Hisae aliwasindikiza mpaka mlangoni, akasikia gari likishuka barabara, akawasha televisheni kabla halijafika kwenye kona.

Alicheza kama mtu anayechimba. Upepo ulitikisa madirisha. Chai ikapoa. Hakupaza sauti tena, hakuinama mbele ya kioo, wala hakusubiri bendera. Alimtazama mlinzi bega, akamwacha aje. Akikinga mapema kidogo, mkuki unapita. Akichelewa kidogo, unapita. Lakini pale pale, katika ufa mwembamba kati ya mapema na kuchelewa, ngli, na tena ngli, na tena, mpaka hakuna sebule wala mwaka mpya, wala Takasaki, wala Mwalimu. Mlinzi akaanguka goti. Hisae hakuondoa macho. Mlinzi akainuka, mkuki ukaja chini chini kama nyoka, akaukinga, akaingia, akapiga pigo la pili.

Yule mtu mkubwa akasimama kitambo. Kisha akaulaza mkuki wake chini kwa mikono miwili, kwa heshima, akaanguka katika theluji, na lango likafunguka.

Hisae alijisikia akicheka. Alikuwa ameinuka kwa magoti, ngumi imekunjwa juu ya kichwa, mdomo wazi kama msichana kwenye mashindano ya shule, na aliyemwona alikuwa marehemu tu, katika fremu yake nyeusi.

Akaiona ngumi. Katika kendo, aliyepiga pigo safi kisha akalishangilia hunyang'anywa. Waamuzi hupunga bendera zao chini, pointi inafutwa, na hakuna wa kumlalamikia, kwa sababu anayefurahia mbele ya mtu aliyemwangusha ameshaacha kuwa tayari. Hisae mwenyewe, mwamuzi wa wilaya, aliwahi kumfutia bingwa wa shule ya sekondari kwa kosa la ngumi ndogo kuliko hii, na mama wa kijana akalia jukwaani, na Hisae akamdharau na mama pia.

Akashusha mkono. Akakaa kitako, akalitazama lile lango lililo wazi na njia nyeupe inayopanda nyuma yake, ambayo Ryohei, tangu majani yalipoanza kudondoka, hakuwahi kuiona.

Sheria ile ilimfaa sana siku hiyo. Angeweza kujiambia kwamba anaitii kendo, wala si kwamba anaogopa nyumba yenye bakuli moja, wala si kwamba amemhurumia mtu wa viazi. Wenye kiburi ndivyo walivyo, hata jema hawalitendi mpaka wapate kanuni ya kujifichia. Akatafuta kati ya vitufe mpaka akafika mahali pa kufuta. Mashine ikamuuliza: safari ya Mwalimu itafutika yote, je, ana hakika? Hisae akaisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Kisha, kwa mkono ule ule uliokinga mikuki, akabonyeza.

Mtu mwembamba mwenye joho la majani makavu akaamka kando ya kisima, mahali wanapoamka wote wanaoanza, mikono mitupu, hajui lolote.

Walirudi jua likielekea milimani, wamebeba machungwa madogo ya kule Maebashi, pua nyekundu kwa upepo. Hisae alikuwa amekaa vile vile, televisheni inawaka.

"Soksi zako zimelowa," akamwambia Ryohei kabla hajasalimiwa. "Usikanyage mkeka."

"Samahani, mama." Ryohei akazivua akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akagonga nguzo, akaiomba radhi. Ndipo alipoona kioo. "Aa, mbona uko kisimani? Umeanza upya?"

Hisae akakiweka kishikio mezani. Mizuho alibaki mlangoni na koti lake, mfuko wa machungwa kifuani, anamtazama mama yake usoni kama anavyotazama mdomo wa mtu anayesema hana maumivu.

"Mama," Ryohei akasema, na akapiga magoti kando yake, polepole, na hapakuwa na ushindi wowote sautini mwake, "ulifika wapi na yule?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Hisae, yamejipanga. Kwamba alimpiga mara mbili. Kwamba hakupita darini. Kwamba yule mtu aliulaza mkuki chini kwa mikono miwili, na ni nani mwingine angemlazia hivyo. Akayaangalia yale mabega ya mviringo, zile nyayo zisizo na soksi zimekunjwa kwa baridi pembeni ya mkeka, ule uso uliokuwa ukisubiri kwa uvumilivu wa kipumbavu ambao hangeupenda hata afe. Akatazama mikono yake mwenyewe. Aliposema, midomo ilisogea kidogo sana, na Ryohei ilimbidi ainame ili amsikie.

"Kanishinda."